Gari la Maiti Lililozimika Mlangoni kwa Eno Kyerewaa

Kufuli lilikuwa nje ya mlango, na mama yake alikuwa ndani. Boakyewaa alilitazama lile kufuli, jipya, la shaba, bado limebandikwa karatasi ya dukani, kisha akawatazama binamu zake wawili waliokaa kwenye benchi barazani wakitafuna karanga. Wote wawili walikuwa na nguo nyeusi za msiba. Mkubwa wao, Anane, alikuwa amevaa ufunguo shingoni kwa kamba.

"Nani kafunga?"

"Dada, usitupandishie sauti. Sisi tumetumwa tu."

"Nimeuliza nani kafunga. Sikuuliza nani katumwa."

"Mjomba," Anane akasema, macho kwenye karanga zake. "Opanyin Dwomoh mwenyewe. Kaa kwanza upoe, tukueleze."

Hakukaa. Alikwenda dirishani akashika nondo. "Mama! Umekula kitu tangu asubuhi?"

"Nile nini tena, mwanangu?" Sauti ya Eno Kyerewaa ilitoka gizani, kavu, haina hata chozi. "Wanasema nimeshakula mtu."

Mtu mwenyewe ni Barimah, aliyekuwa azikwe siku hiyo. Alikuwa mtoto wa marehemu dada yake Eno. Mama yake alipofariki yeye alikuwa na miaka minne, na Eno akamchukua, akamlaza mkeka mmoja na Boakyewaa, wakala bakuli moja, wakachapwa fimbo moja. Alipopata kazi nzuri Kumasi, jambo la kwanza alilofanya ni kumjengea Eno nyumba hii, kando ya barabara, unapoingia tu Odumakrom. Ndiyo nyumba hiyo iliyotiwa kufuli leo. Barimah aliumwa figo wiki tatu, akafa ana miaka arobaini na mmoja, na daktari akaandika figo kwenye karatasi. Lakini nani anasoma karatasi ya daktari msibani? Mtu akifa kijana huku, ukoo haukubali kwamba amekufa. Lazima awe ameuawa, na muuaji lazima awe wa ndani, na wa ndani siku zote ni bibi kizee asiye na wa kumtetea. Hesabu hiyo hupigwa upesi kuliko kuchimba kaburi.

Zamani maiti alibebwa vichwani. Jeneza likiwasukuma wabebaji hadi mlangoni kwa fulani, basi fulani ndiye aliyeua, kesi imekwisha. Mambo hayo yalipigwa marufuku tangu enzi za mababu, na siku hizi maiti hupanda gari lenye king'ora na mapazia meupe. Watu wa Odumakrom walibadilisha usafiri tu. Imani waliibakiza vilevile.

"Lilitoka hospitali saa kumi na moja alfajiri," Anane alieleza, na sasa hata karanga alizisahau. "Tukalipokea njia panda, tukalifuata kwa miguu. Likafika hapa, hapahapa mbele ya baraza hii. Likakohoa, likakohoa, likafa. Dereva akawasha, likakataa. Akawasha, likakataa. Mara tatu, dada! Injini imekufa lakini king'ora kinaendelea kulia peke yake. Wanawake mayowe. Dereva akashuka kwenda kufungua tangi aone kama mafuta yapo. Alipofungua tu, fyuuuu! Pumzi ndefu hiyo, watu wote tumeisikia. Barimah kapumua. Halafu likawaka lenyewe kama halijawahi kuumwa, likaenda zake."

"Na mjomba alikuwa wapi?"

"Kakaa mbele na dereva. Ndiye aliyeshuka wa kwanza, akanyoosha kidole kwenye mlango huu."

Yule binamu mdogo akacheka puani. "Wahenga walisema mchawi mpe mwana kulea. Sisi tukampa. Kamlea, kamnenepesha, kamla."

Kofi alilompiga lilimwaga karanga zote sakafuni. Boakyewaa alikuwa na mkono mzito, mkono wa miaka kumi na tisa ya kufungua nati katika gereji za Suame, na yule kijana alibaki ameshika shavu haelewi dunia imempata kutoka upande gani. Boakyewaa hakumwangalia tena. Alimgeukia Anane.

"Rudia hapo penye kukohoa. Lilikatika ghafla, au lilikohoa kwanza?"

"Lilikohoa. Kama mara tatu, nne. Likawa linakwenda kwa kujikokota."

"Na king'ora hakikufifia?"

"Hata kidogo."

Boakyewaa akapiga hesabu kichwani. Injini inayokatika ghafla, kama taa iliyozimwa, inaumwa umeme. Inayokohoa kwanza ina njaa ya mafuta. King'ora kililia kwa nguvu, basi umeme ulikuwepo. Na ile pumzi ndiyo iliyomkaa kichwani zaidi, kwa sababu alikwisha kuisikia pumzi kama ile, na haikutoka kwa maiti.

"Mama mtampeleka wapi?"

Anane akainama. "Saa nane tunazika. Saa tisa watu wa kambi ya maombi wanakuja kumchukua. Atakaa huko mpaka akiri."

Kambi ile Boakyewaa aliijua. Mwaka juzi aliitwa kutengeneza gari la nabii wake, na alipokuwa chini ya gari aliona mguu wa mwanamke mzee umefungwa mnyororo kwenye nguzo, na sahani ya uji imewekwa mahali mkono wake usipofika. Alimaliza kazi, akapokea ujira wake, akaondoka, na hakumwambia mtu. Jambo hilo lilimuuma mpaka leo, na sasa lilimuuma mara mbili.

"Mama, narudi," akasema dirishani.

"Usiende kugombana na mjomba wako mbele za watu."

"Sigombani naye. Kwanza nakwenda kugombana na gari."

Gari lilikuwa nyuma ya madarasa ya shule ya msingi, mbali kidogo na mahema ya msiba. Lilikuwa la petroli, la zamani, limepakwa rangi nyeupe juu ya rangi nyingine mbili. Dereva wake, mwanamume mwembamba aitwaye Tawia, alikuwa amekaa kwenye ubao wa nyuma anakula wali na maharage kwenye jani. Aliruka alipoona mwanamke aliyevaa vizuri kwa msiba anafungua boneti bila hodi.

"We mama! Hilo gari lina heshima zake!"

"Heshima gani na uchafu huu? Liwashe."

"Kwani wewe nani?"

"Mtoto wa mchawi. Liwashe."

Tawia aliliwasha. Boakyewaa alikunja kitambaa chake cha msiba, akakifunga kiunoni, akaingiza mikono. Alitikisa waya wa koili. Alitikisa nyaya za plagi, mmoja baada ya mwingine. Alibonyeza vichwa vya betri. Injini haikushtuka. Akainama kwenye chujio la petroli, la plastiki nyeupe inayoonyesha ndani: safi, hakuna kutu, hakuna mchanga, petroli inapita. Gari halikuwa na ugonjwa wowote. Mtu mwingine angefunga boneti akaanza kuwaza mizimu.

Yeye alizunguka ubavuni, akafungua kile kilango kidogo cha mdomo wa tangi.

Kifuniko hakikuwepo. Mahali pake palikuwa na mfuko mweusi wa plastiki uliokunjwa mara nne, na juu yake utepe wa mpira wa tyubu ya baiskeli umezungushwa, umekazwa, umefungwa mafundo mawili. Aliusukuma kwa kidole. Ulikuwa mgumu kama ngozi ya ngoma. Boakyewaa alisimama pale, na hasira ilimpanda mpaka akasikia ladha ya chuma mdomoni. Mama yake, mwanamke wa miaka sabini na mitano, amefungiwa gizani kwa ajili ya mfuko wa plastiki!

"Kopo la maziwa," alimwambia Tawia polepole, "ukilitoboa tundu moja tu, maziwa yanamiminika?"

"Hayamiminiki. Lazima utoboe la pili, upande wa pili."

"La pili la nini?"

"La hewa..." Tawia akaliweka jani la wali chini. Akautazama ule mpira. "Yesu wangu!"

"Kila kifuniko cha tangi kina kitundu cha kuingiza hewa. Wewe umeziba. Injini ikafyonza, ikafyonza, mpaka ikashindwa kufyonza zaidi. Ukafungua, hewa ikaingia, fyuuu, watu wakasema Barimah kapumua. Barimah yuko ndani ya sanduku hana pumzi ya kumpa mtu! Miaka mingapi unaendesha, Tawia?"

"Kumi na mbili. Lakini dada, siyo mimi niliyekaza hivi, nakuapia. Kifuniko kilianguka jana njiani. Mimi niliweka kitambaa tu, na kitambaa kinapumua. Leo alfajiri tulipojaza tangi hadi shingoni pale kituo cha mafuta, Opanyin akasema harufu inaingia kwenye nguo yake, atafikaje msibani ananuka kama kibatari? Akataka mfuko. Akataka mpira. Akasema funga mpaka hata pumzi isitoke. Nilipofunga akasema sijui kufunga, akashuka, akakaza mwenyewe."

Boakyewaa akayagusa tena yale mafundo.

"Mwenyewe?"

"Kwa mikono yake. Na tulipofika hapa shuleni akasema nikaze tena vilevile, maana atarudi nalo makaburini."

"Na ulipoona bibi wa watu anafungiwa, ulisema nini?"

"Ningesema nini, dada? Mimi dereva wa kukodiwa. Mkuu wa ukoo keshasema maiti kasema. Mimi nani nimkanushe maiti?"

Alitaka kumpiga na huyu, lakini mkono ulikwisha choka, na ukweli ni kwamba Tawia alikuwa analia. Akamwacha hapo. Kisha akaenda kwenye jenereta ya wapiga muziki, akachukua dumu la petroli.

"Dada, hayo mafuta ya muziki!" mpiga muziki akalalamika.

"Yanakwenda kucheza pengine."

Alitaka tangi lijae tena hadi shingoni, kwa sababu tangi likijaa, hewa ya ndani huwa kidogo na njaa huja mapema. Alifungua, akajaza, akaurudisha mfuko na mpira kama ulivyokuwa, akakaza kwa mikono yake mpaka vidole vikauma, akaongeza fundo la tatu. Akamwambia Tawia abaki na gari asiliguse.

Chini ya mahema watu walikuwa mamia, mstari wa nyeusi na mstari wa nyekundu. Opanyin Dwomoh aliketi katikati kwenye kiti cha mikono, kitambaa begani, kifua kimoja wazi, uso wa mtu aliyemaliza kazi ngumu. Alikuwa ndugu mdogo wa Eno Kyerewaa, mkuu wa ukoo kwa miaka kumi na moja, na tangu achukue cheo hicho hakuna aliyemwambia amekosea hata alipokosea njia ya choo. Boakyewaa alimpokonya mshereheshaji kipaza sauti.

"Mjomba, shikamoo. Nimekuja umwambie Anane anipe ufunguo."

Watu wakaguna. Opanyin hakusimama.

"Mwanangu, huu ni msiba, siyo gereji. Rudisha kipaza sauti."

"Nitakirudisha. Gari limezimika mbele ya nyumba ya mama yangu. Gari huzimika kwa sababu, na mimi kazi yangu ndiyo hiyo, kutafuta sababu."

"Sababu imepatikana," Opanyin akasema, na vichwa vya wazee vikaitikia pembeni yake. "Kikulacho ki nguoni mwako. Gari halina mdomo, kwa hiyo limesema kwa magurudumu. Au spana zako zinajua kuliko marehemu?"

Kicheko. Mtu mmoja nyuma akapaza sauti, "Fundi wa mizimu huyo!" na kicheko kikazidi.

"Haya," Boakyewaa akasema. "Sikilizeni nyote. Marehemu yuko darasani, kalazwa sanduku wazi, gari ni tupu. Nitaliendesha mbele yenu. Mjomba akae pembeni yangu, achague njia yeye, na kwa mama yangu tusipite kabisa. Likizimika popote pengine, mjomba utalifungua lile kufuli kwa mkono wako, mbele ya watu wote hawa. Lisipozimika, saa tisa nitampeleka mama yangu kambini mwenyewe, na mnyororo mwingine mnifunge mimi."

Opanyin alitazama kulia, akatazama kushoto, akaona kila mtu anamngoja yeye. Angekataa, ingekuwa ameogopa, na mkuu wa ukoo haogopi mwanamke wa spana. Akajifunga kitambaa vizuri, akainuka.

"Twende ukajiaibishe."

Alichagua njia ya kuzunguka mji: shule, soko, kanisa, kisima cha pampu, kurudi shule. Boakyewaa aliendesha taratibu na watu wakafuata kwa miguu na pikipiki, waombolezaji wakiwa wamemwacha marehemu na bibi wawili wa kumpepea. Mzunguko wa kwanza injini iliimba. Mzunguko wa pili vilevile. Opanyin alianza kutabasamu, akashusha kioo, akawapungia watu.

"Mbona lina afya, mwanangu?"

Mzunguko wa tatu. Jasho lilimtiririka mgongoni. Je, plastiki imechanika mahali? Je, hewa inaingia kwa tundu asilolijua? Alijiona tayari kambini, nguzo, sahani ya uji mbali, mama yake upande wa pili hana hata wa kumlaumu. Watu wa pikipiki walikuwa wanaimba wimbo wa kumzomea. Mzunguko wa nne, pikipiki nyingi zikachoka na kurudi, na Opanyin akatoa saa yake ya mfukoni, akasema kaburi linangoja.

Penye kona ya soko injini ilikohoa.

Alikisikia kikohozi kile miguuni kabla ya masikioni. Opanyin hakukisikia. Boakyewaa alijua kinachofuata: hatua mia mbili, labda mia mbili na hamsini, na safari imekwisha. Angeweza kuliacha life palepale, mbele ya mashine ya kusaga mihogo, na ushahidi ungetosha. Hilo alilijua wazi kabisa. Lakini mbele, mkono wa kushoto, palikuwa na nyumba mpya ya ghorofa yenye geti la bluu, nyumba ya Opanyin Dwomoh, na Boakyewaa alikumbuka kile kidole kilichonyooshwa kwenye mlango wa mama yake. Akapunguza mwendo. Akakata usukani. Gari likajikokota, likakohoa mara ya tatu, ya nne, likafa, pua yake imegusa geti.

Akawasha. Likakataa. Akawasha. Likakataa.

"Mara ya tatu jaribu wewe, mjomba," akasema, akachomoa mkono kwenye ufunguo.

Opanyin hakujaribu. Rangi ilikuwa imemtoka. Nje mwanamke mmoja wa ukoo, mwanamke yuleyule aliyepiga yowe la kwanza asubuhi mbele ya nyumba ya Eno, akashika kichwa kwa mikono miwili.

"Ndiye! Barimah kasema tena! Ni Opanyin!"

Na papo hapo wakageuka. Wale waliokuwa wanaimba wakaanza kupiga boneti kwa viganja. Mtu akafungua mlango wa pembeni, akamvuta Opanyin kwa kitambaa, na kitambaa kikamvuka, mzee akabaki na kaptula mbele ya watoto wa dada zake. Wengine walitaka kuingia getini. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu, na sasa Opanyin alikuwa anauonja.

Boakyewaa alifurahi. Kusema kweli ndivyo ilivyokuwa, alikaa nyuma ya usukani akafurahi, akaona raha inamshuka hadi tumboni. Ilidumu mpaka jiwe la kwanza. Lilipiga ubavu wa gari, karibu na Opanyin, na mzee akainua mikono kujikinga, na Boakyewaa akaona mikono ile ni mikono ya mama yake, vidole vilevile vifupi, kucha zilezile pana. Hasira yake haikupoa hata chembe. Iliongezeka, ila sasa ilikuwa ya watu wote.

Akashuka, akapanda juu ya bampa ya nyuma.

"Tulieni! Tulieni, wajinga wakubwa ninyi! Asubuhi mama yangu, sasa hivi mjomba! Kesho likizimika kanisani mtampiga mawe mchungaji? Barimah yuko kule kalala, mmemwacha peke yake, hajui hata kama mnaendesha gari! Weka jiwe chini, wewe. Anane, weka chini!"

Anane, aliyeiacha baraza akaja kutazama, ufunguo bado shingoni, akaliweka. Wengine wakayashika ya kwao bila kutupa, wakingoja.

"Mjomba. Njoo huku."

Opanyin alikwenda, ameshika kitambaa chake kifuani kwa mkono mmoja. Boakyewaa alifungua kilango cha tangi, akamwonyesha.

"Alfajiri uliukaza kwa mikono yako, ili nguo yako isinuke. Ufungue kwa mikono yako."

"Boakyewaa..."

"Fungua!"

Vidole vya mzee vilihangaika na mafundo matatu, na hakuna aliyemsaidia. Fundo la mwisho lilipoachia, mfuko ulinyonywa ndani kwanza, kisha akauvuta, na ile pumzi ikasikika, ndefu, fyuuuu, mbele ya watu wote. Baadhi walirudi nyuma. Mtoto mmoja akacheka. Opanyin alibaki ameshika kipande cha plastiki nyeusi, anakitazama.

"Tawia! Liwashe."

Tawia, aliyekuwa amefuata na umati, alipiga stata mara mbili, na injini ikaitika.

Palikuwa na manung'uniko. Wengine walicheka kwa aibu, wengine walitupa mawe yao mtaroni kana kwamba waliyaokota kusafisha njia. Yule mwanamke wa mayowe alisema yeye tangu mwanzo alijua ni mafuta. Boakyewaa alimtazama mpaka akanyamaza.

Walikwenda wote hadi nyumba ya barabarani, kwa miguu. Opanyin alichukua ufunguo kwa Anane, akafungua kufuli kwa mkono wake, kama ilivyokubaliwa. Eno Kyerewaa alikuwa amesimama nyuma ya mlango. Alikuwa amekwisha vaa nguo yake nyeusi, amefunga kichwa, kana kwamba alijua atatoka, au kana kwamba alitaka wamkute amevaa hata kama hatoki. Alifinya macho kwa mwanga.

"Dada," Opanyin akaanza, na kwa vile alikuwa mtu wa maneno, maneno yalimjia. "Shetani alitupitia. Ukoo utakaa. Nitaleta kondoo mweupe, nitaleta chupa mbili za pombe kali, tutakuosha miguu mbele ya..."

"Dwomoh."

Miaka kumi na moja hakuna aliyemwita jina tupu, bila cheo cha Opanyin.

"Mimi umenijua miaka sitini na minane," Eno akasema. "Nimekubeba kwa mgongo huu, mama akiwa shambani. Hili gari umelijua tangu alfajiri ya leo. Ukaliamini gari."

Eno alingoja kidogo, ili kama kuna jibu alisikie. Kisha akamshika Boakyewaa mkono, akashuka ngazi, akapita katikati yao kwenda kumwona Barimah kabla hawajamfunika.